Umeme wa gari kutoka kwenye joto la injini: vibao, mvuke, turbini au breki?

Lita moja ya petroli ikiingia kwenye injini ya gari la kawaida, kama theluthi yake tu ndiyo inayofanya kazi ya kusukuma gari, na hapo tunazungumzia barabara iliyo wazi. Theluthi nyingine inatoka na moshi kwenye ekzosi. Iliyobaki inachukuliwa na maji ya rejeta na chuma chenyewe. Kwenye foleni hesabu ni mbaya zaidi. Ndiyo maana swali hili halichoki kuulizwa kwenye magereji na vyuo vya ufundi: kama joto lote hilo linapotea bure, kwa nini alteneta, jenereta ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini, iendelee kuibebesha injini mzigo wa kuwasha taa na kuchaji betri?

Viwanda vikubwa vimelimwagia swali hilo fedha kwa miongo kadhaa. Njia za maana zilizojaribiwa ni nne, ukihesabu na breki, ambazo si joto la injini lakini zinagombea kazi ile ile. Nitazipima kwa mizani moja, nikiwafikiria watu watatu: mwenye gari dogo la mjini, mwenye lori la masafa marefu, na mwanafunzi wa ufundi anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho.

Alteneta inakula kiasi gani?

Huwezi kujua kama dawa inafaa kabla ya kujua ukubwa wa ugonjwa. Chukua gari linalotumia wati 500 za umeme likiwa barabarani usiku: kompyuta ya injini, pampu ya mafuta, plagi, taa, feni ya ndani ya AC, redio. Alteneta ya kawaida hugeuza kiasi cha asilimia 60 ya nguvu ya mkanda kuwa umeme. Kwa hiyo ili upate hizo wati 500, injini inatoa wati 830 hivi. Injini nayo, tukiipa ufanisi wa asilimia 30, inachoma mafuta yenye nguvu ya wati 2,800 hivi kwa kazi hiyo. Lita ya petroli ina karibu kilowati-saa 9. Ukigawanya unapata theluthi ya lita kila saa.

Theluthi ya lita kwa saa ni kubwa au ndogo? Inategemea uko wapi. Anayekwenda Dodoma kwa kilomita 80 kwa saa anapoteza lita 0.4 kwa kilomita 100, kiasi ambacho upepo ukivuma kwa mbele unakimeza. Anayejikokota kwenye foleni kwa kilomita 15 kwa saa anapoteza zaidi ya lita mbili kwa kilomita 100, na hiyo inaonekana mfukoni.

Kompresa ya AC haimo kwenye hesabu hii. Kwa magari mengi inazungushwa na mkanda moja kwa moja na inakula nguvu nyingi kuliko vifaa vingine vyote vya umeme kwa pamoja. Nimelitaja hilo kwa sababu kuna watu wanaodhani wakipata umeme wa bure AC nayo itakuwa ya bure. Haitakuwa.

Hapo ndipo penye kitendawili kinachoamua karibu kila kitu kwenye ulinganisho huu. Alteneta inauma zaidi kwenye foleni, lakini foleni ndiko moshi ulipo mchache na umepoa. Injini ikiwa inaunguruma tu bila mzigo, gesi inayofika chini ya sakafu ya gari inaweza kuwa chini ya nyuzi 300, tena kidogo kwa wingi. Ukikanyaga mafuta kupandisha mlima, gesi ya injini ya petroli inatoka kwenye silinda na nyuzi 700 hadi 900, lakini wakati huo alteneta si mzigo wa kukunyima usingizi. Joto linapatikana kwa wingi pale ambapo umeme hauna shida.

Vibao vya joto

Hii ndiyo njia inayowavutia watu wengi, kwa sababu haina kitu kinachozunguka. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aliona kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, upande mmoja ukawa moto na mwingine baridi, kunatokea nguvu ya umeme, ingawa yeye mwenyewe alidhani ni sumaku. Leo badala ya metali tunatumia semikondakta, hasa mchanganyiko wa bismuthi na teluriamu, zikipangwa kati ya vigae viwili vya kauri. Kibao kimoja ni kama sentimita 4 kwa 4.

Uthibitisho kwamba teknolojia hii ni ya kuaminika uko mbali sana na ardhi. Vyombo vya anga vya Voyager 1 na 2 vilirushwa mwaka 1977 vikiwa na mitambo ya aina hii inayopashwa joto na plutoniamu, na bado vinatuma ishara. Lakini angalia hesabu: mitambo ya kila chombo ilianza na joto la wati 7,000 hivi na kutoa umeme wa wati 470 tu. Ni asilimia 6 na kitu, tena huko upande wa baridi ni anga tupu.

Kwenye gari upande wa baridi ni maji ya rejeta, ambayo yana nyuzi 90. BMW wakishirikiana na kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, walifunga mtambo wa vibao kwenye ekzosi na kupata karibu wati 200 kwa mwendo wa barabara kuu. Mwaka 2011 kampuni ya Amerigon ya Marekani ilifunga mitambo yake kwenye BMW X6 na Lincoln MKT za majaribio. Magari hayo yaliishia kwenye majaribio. Mtambo wa vibao haukuingia kwenye magari ya kawaida yanayouzwa. Uzito uliongezeka, ekzosi ikabanwa kidogo, vibao vikawa ghali, na wakati huo taa za LED na alteneta bora zilikuwa zinapunguza hitaji lenyewe.

Kuna jambo la mahali pa kufunga. Mtambo lazima ukae baada ya masega, yaani kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, kwa sababu masega yanahitaji joto ili yasafishe moshi. Ukiliiba joto kabla, gari linachafua hewa. Na kwa wale ambao mafundi wameshawatolea masega, msifurahi kwamba nafasi imepatikana. Masega yanayofanya kazi huongeza joto la moshi. Mmetupa tanuri mkabakiza bomba.

Sasa twende kwa mwanafunzi, maana hapa ndipo fedha za mradi zinapopotelea. Vibao vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya soda kadhaa ni vya aina mbili. Vile vyenye maandishi TEC1-12706 vimetengenezwa kwa kupoza, si kuzalisha, na vingi risasi yake ya kuunganishia inayeyuka kwenye nyuzi 138 hivi. Ukikibandika kimoja moja kwa moja kwenye bomba la moshi, kinajifungua chenyewe. Vya pili, SP1848-27145, vimekusudiwa kuzalisha, na tangazo linasema kwa tofauti ya nyuzi 100 unapata volti 4.8 na ampea 0.669. Mwanafunzi anazidisha, anapata wati 3.2, anaandika kwamba vibao 20 vitatoa wati 64. Kumbe volti 4.8 hupimwa waya zikiwa hazijaunganishwa na kitu, na ampea 0.669 hupimwa zikiwa zimeguswishwa. Haviji pamoja. Nguvu ya juu inayoweza kutoka ni nusu ya volti mara nusu ya ampea, yaani wati 0.8. Vibao vyako 20 vina wati 16, na hapo ukiweza kuushika upande wa baridi usipate joto.

Na kuushika ndiyo kazi. Ukifunga kibao kati ya bomba na kipande cha alumini chenye mapezi, dakika chache za mwanzo mita inapanda vizuri, kila mtu anapiga picha. Kisha mapezi yanapata moto, tofauti ya joto inapungua, na mita inashuka huku bomba likizidi kuwaka. Bila maji yanayozunguka upande wa pili hakuna mradi. Ningekuwa msimamizi ningemwambia aache gari, aende kwenye jiko. Jiko la kuni la BioLite HomeStove, lililouzwa Kenya na Uganda, linatumia kibao cha aina hii kuendesha feni ndogo na kuchaji simu. Wati chache, moto uliopo tayari, hakuna alteneta ya kushindana nayo: hapo vibao vina kazi ya kweli.

Mvuke

Njia ya pili ni ya kizee zaidi: chemsha kimiminika kwa joto la ekzosi, mvuke uzungushe turbini (gurudumu la mapanga) au usukume pistoni, upoze, urudishe kwa pampu. Ni kiwanda kidogo cha umeme chini ya boneti. Kinachoipa heshima ni kwamba inatoa nguvu nyingi kuliko vibao.

Desemba 2005 BMW walitangaza mtambo walioupa jina Turbosteamer, uliopimwa kwenye injini ya lita 1.8. Walisema unaongeza kilowati 10 na kupunguza matumizi ya mafuta hadi asilimia 15. Mwaka 2008 Honda walieleza majaribio yao kwenye gari la haibridi, lenye injini na mota ya umeme: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ufanisi wa injini ulipanda kutoka asilimia 28.9 hadi 32.7. Kilichofuata baada ya matangazo hayo ni kimya. Boila, kondensa, pampu, turbini, vali za usalama, vyote kwenye gari ambalo tayari halina nafasi ya kuingiza mkono kubadilisha plagi. Na mtambo wenyewe unahitaji muda kupata moto. Ukienda sokoni na kurudi, unakuwa umefika nyumbani kabla mvuke haujaanza kazi.

Waliobaki nayo kwa dhati ni watu wa malori. Kwenye mpango wa SuperTruck uliogharimiwa kwa sehemu na Wizara ya Nishati ya Marekani, Cummins na Peterbilt waliweka mfumo wa namna hii kwenye lori la majaribio. Mantiki yake inaeleweka: lori linalovuta mzigo saa nane mfululizo lina joto la uhakika na lina nafasi.

Turbini ya ekzosi

Kusema kweli hii si joto peke yake. Ni joto na msukumo wa gesi kwa pamoja. Gesi inayotoka kwenye silinda bado ina presha. Turbo ya kawaida inaitumia kusukuma hewa ndani ya injini, na kila mwenye Hilux ya dizeli anaijua. Hatua ya ziada ni kuichukua nguvu inayobaki na kuifanyia kazi nyingine.

Ndege zilianza. Injini ya Wright R-3350 ya miaka ya 1950, iliyokuwa kwenye Super Constellation na DC-7, ilikuwa na turbini tatu za kukusanya nguvu ya moshi na kuirudisha kwenye shafti, kiasi cha nguvu-farasi 550. Mafundi waliokuwa wakizihudumia walizitania kwamba kinachovunwa pale ni vipuri. Mwaka 1991 Scania walileta injini ya lori ya lita 11 yenye turbini ya pili inayorudisha nguvu kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini), na baadaye Volvo wakatoa D13TC kwa soko la Amerika Kaskazini, wakisema inarudisha hadi nguvu-farasi 50.

Umeme wenyewe uliingia kwa nguvu kupitia mashindano. Kuanzia 2014 hadi 2025 kila gari la Formula 1 lilikuwa na mota iliyounganishwa kwenye shafti ya turbo, ikizunguka hadi mara 125,000 kwa dakika, ikizalisha umeme kutokana na moshi. Mwaka 2017 Mercedes walisema injini yao imevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye maabara, jambo ambalo injini ya petroli ya gari la kawaida hailikaribii. Kanuni za 2026 zimeiondoa mota hiyo. Ilikuwa ghali na iliwatisha watengenezaji wapya.

Lakini imeshaingia barabarani. Porsche 911 Carrera GTS ya mwaka 2024 ina turbo ya umeme ambayo, gesi ikiwa nyingi, inageuka jenereta na kutoa hadi kilowati 11. Linganisha na wati 200 za vibao vya BMW: ni zaidi ya mara 50. Kwa mtu anayeuliza ni njia gani kati ya hizi za ekzosi imeshinda, jibu ni hilo hapo. Ila kilowati 11 hizo zinapatikana injini ikifanya kazi ya nguvu. Gari hilo hilo kwenye foleni ya Mwenge halizalishi chochote cha maana kutoka kwenye moshi, na litategemea betri yake kama magari mengine yote ya haibridi.

Breki, mpinzani asiye na joto

Kila unapokanyaga breki unageuza petroli uliyokwisha kulipia kuwa joto kwenye diski. Kuikamata nguvu hiyo kabla haijawa joto ni rahisi kuliko kuikamata baada ya hapo, na kwenye foleni breki zinakanyagwa kila dakika. Kwa hiyo njia hii inalipa pale pale ambapo alteneta inauma.

Sura yake nyepesi imo kwenye magari mengi ya Kijapani yanayoshuka bandarini kwetu, na wenyewe hawajui. Kompyuta inaiambia alteneta ilale gari linapoongeza mwendo na izalishe kwa nguvu unapoachia mafuta. Matokeo yake ni tukio linalojirudia gereji: fundi anaweka mita kwenye betri injini ikiwa inawaka, anaona volti 12.6, anatangaza kwamba alteneta imekufa. Kabla ya kumpa hela ya nyingine, mwambie, "Hebu washa taa kubwa na feni ya AC, fundi." Ikiruka hadi volti 14 na kitu, alteneta ni nzima, inatii amri tu. Angalia kama kuna kitambuzi kidogo kwenye klempu ya waya hasi wa betri. Hicho ndicho kinachotoa taarifa. Na ukibadilisha betri ya gari la aina hii, usiweke ya kawaida ya bei rahisi, itachoka mapema.

Mazda walikwenda mbele zaidi kwa mfumo wa i-ELOOP, ulioanza na Atenza ya mwaka 2012. Alteneta yake inapanda hadi volti 25 unapoachia mafuta, umeme unaingia kwenye kapasita, ghala la umeme linalojaa kwa sekunde chache, kisha unashushwa hadi volti 12 kulisha taa, redio na feni ya AC. Kampuni ilisema unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya mafuta kwenye mwendo wa kusimama na kuondoka.

Halafu kuna haibridi kamili: Prius, Aqua, na baadhi ya Noah za karibuni. Haibridi kamili za Toyota hazina alteneta kabisa. Umeme wa volti 12 unatoka kwenye betri kubwa kupitia kigeuzi, na kompresa ya AC inaendeshwa na umeme wa betri hiyo hiyo kubwa. Swali tulilolianza nalo, kwenye gari hilo limekwisha. Cha kuchekesha ni kwamba Prius ya kizazi cha tatu inavuna joto la ekzosi pia, ila hailigeuzi umeme: inapasha tu maji ya injini yapate moto haraka, ili injini iweze kuzimwa mapema. Ni rahisi, na kwa nchi za baridi ina maana. Kwa Dar es Salaam ya mwezi wa pili haina cha kukufaa.

Nani achukue nini

Gari dogo la mjini: breki, bila kusita. Ukiwa unachagua kati ya gari mbili za bei moja na moja ina haibridi yenye betri iliyopimwa ikaonekana nzima, chukua hiyo. Betri haijapimwa? Basi chukua ya kawaida, kwa sababu betri kubwa ikifa italamba akiba ya mafuta ya miaka kadhaa. Mtu akikuuzia kifaa cha kufunga kwenye ekzosi "kinachozalisha umeme na kupunguza mafuta", mwulize wati ngapi gari likiwa silensa, yaani injini inaunguruma tu bila mzigo, na akuonyeshe mita palepale.

Lori la masafa: turbini inayorudisha nguvu kwenye krenki ndiyo yenye faida, wala si kwa ajili ya umeme. Taa na vifaa vya lori ni sehemu ndogo sana ya nguvu ya injini inayopanda mlima Kitonga na mzigo wa tani 30. Hapo nguvu inahitajika kwenye matairi. Hata hivyo usinunue teknolojia ambayo karakana ya karibu haijawahi kuifungua. Lori lililosimama Makambako likisubiri kipuri kutoka ng'ambo halina ufanisi wowote.

Mwenye fedha za kutosha kwa 911 hahitaji ushauri wangu.

Na kama unachotaka ni kupunguza mzigo wa alteneta tu kwenye gari ulilonalo, mwombe fundi umeme mwenye mita ya kubana aizungushe kwenye waya mnene wa alteneta, injini ikiwa silensa, kisha uwashe kifaa kimoja kimoja. Taa mbili za mbele za halojeni zenye wati 55 kila moja zitaongeza ampea 8 hivi. Balbu nzuri za LED zinaweza kuokoa wati 60 za hizo, kama taa zako zimetengenezwa kuzipokea. Kwenye kioo cha halojeni zinatawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja mbele. Wati 60 hizo zinapatikana kwenye foleni na kwenye barabara kuu, mvua na jua. Kuzipata kutoka kwenye ekzosi kwa vibao vile vya mtandaoni kungehitaji vibao 75 pamoja na pampu ya maji ya kuvipoza, na pampu nayo inakula umeme.